Video za familia zimejaa kwenye simu? Hivi ndivyo unavyochagua mashine ya kuzihifadhi nyumbani, mfano wa Kirua Vunjo

Kila Desemba magari yanapanda kutoka Uchira kwenda Kirua Vunjo. Watoto wanarudi nyumbani kutoka Dar es Salaam, Arusha, Mwanza na hata nje ya nchi. Kuna kipaimara, harusi, ubatizo na vikao vya ukoo. Kila mtu anashika simu, kila mtu anarekodi.

Januari ikifika, video hizo zinatawanyika. Nusu ipo kwenye simu ya shangazi, nyingine imetumwa WhatsApp ikapungua ubora, nyingine ipo kwenye flashi ambayo hakuna anayekumbuka ilipo.

Halafu siku moja simu inaanguka kwenye ndoo ya maji. Na ndani yake ilikuwemo rekodi pekee ya bibi akieleza kwa Kivunjo nani alizaliwa na nani na mipaka ya kihamba inaishia wapi. Simu mpya utanunua. Sauti ya bibi hununui.

Ndiyo maana familia nyingi sasa zinauliza kuhusu seva ya nyumbani. Jina ni kubwa kuliko kitu chenyewe. Ni kompyuta ndogo inayokaa nyumbani ikiwa imewashwa, ina diski yenye nafasi kubwa, na simu au TV yoyote iliyo kwenye Wi-Fi ya hapo nyumbani inaweza kuangalia kilichomo.

Swali ni moja: ununue nini, ili usipoteze hela wala kumbukumbu?

Kwa nini usiweke tu mtandaoni?

Njia hiyo ipo na ina faida zake. Lakini Google Photos iliacha kuhifadhi picha bure bila kikomo tarehe 1 Juni 2021. Tangu hapo akaunti ya bure ina GB 15 tu, na hizo zinagawanywa na barua pepe pia. Harusi moja inaweza kuzimaliza.

Ukilipia nafasi kubwa, bado kuna kupandisha. Tuseme intaneti yako inapandisha kwa kasi ya megabiti 5 kwa sekunde. Kupandisha TB 1 kutachukua siku 18 na nusu bila kupumzika hata dakika moja. Na bando linakatwa muda wote huo.

Kuna jambo la tatu. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na SEACOM zilikatika, na intaneti ikayumba Tanzania na nchi jirani. Siku kama hiyo, kilicho mtandaoni hukipati. Kilicho sebuleni kinaendelea kucheza kama kawaida.

Hapa wengi wanachanganya: kuangalia video kutoka seva ya nyumbani hakuli bando. Video inatoka kwenye seva, inapita kwenye ruta, inafika kwenye TV. Haitoki nje ya nyumba. Hata kama hujaongeza vocha, inacheza.

Anza na hesabu ya nafasi, siyo na duka

Kosa la kwanza ni kwenda dukani na kuuliza, "Mna diski ya ngapi?" Anza na hesabu.

Video ya kawaida ya Full HD inayorekodiwa na simu inakula takriban MB 130 kwa dakika. Saa moja ni karibu GB 8. Ukirekodi kwa 4K, simu nyingi zinafika kati ya MB 170 na 350 kwa dakika.

Sasa chukua familia inayorekodi saa 10 kwa mwaka na kupiga picha 5,000 za MB 4 kila moja. Video ni kama GB 80, picha ni GB 20. Jumla ni GB 100 kwa mwaka.

Ongeza kanda za zamani. Tanzania Bara haikuwa na televisheni hadi 1994, lakini baada ya hapo deki za VHS ziliingia kwenye nyumba nyingi, na kanda za harusi za miaka ile bado zipo kabatini. Kanda 20 za saa mbili mbili, zikihamishwa kwenye kompyuta kwa ubora wa kawaida, zinahitaji kama GB 100. Zifanyie haraka hizo, maana utepe wa VHS unachakaa hata ukiwa umelala tu.

Kwa hiyo miaka 10 ijayo pamoja na kanda zote ni kama TB 1.1. Diski ya TB 2 inatosha na chenji inabaki. Wa 4K wafikirie TB 4. Hakuna sababu ya kuuziwa TB 16 kwa sababu tu muuzaji anayo.

Usishtuke pia ukichomeka diski ya TB 1 na Windows ikakuonyesha GB 931. Hujaibiwa. Mtengenezaji anahesabu kwa elfu, Windows inahesabu kwa 1,024.

Mashine nne, moja inakufaa

Laptopu ya zamani. Kwa vijijini hii ndiyo ya kwanza kufikiriwa. Ina betri yake, kwa hiyo umeme ukikatika haizimiki ghafla. Ina skrini na kibodi, huhitaji kununua vingine. Iliyovunjika kioo lakini inafanya kazi pia inafaa, unaichomeka kwenye TV wakati wa kuiandaa. Inakula takriban wati 15 ikiwa imetulia.

Tahadhari ni betri. Laptopu ikikaa kwenye chaji miezi na miezi, betri inaweza kuvimba. Nyingi zina mpangilio wa kuzuia chaji isizidi asilimia 80, uwashe. Na kila mwezi iinue uiangalie chini. Ukiona imetuna au haikai sawa mezani, toa betri, usisubiri.

Kompyuta ndogo ya ofisini iliyotumika. Hizi ni zile HP EliteDesk, Dell OptiPlex na Lenovo ThinkCentre zenye umbo dogo kama kitabu kinene, zinazokuja kama mitumba kutoka nje. Zina nguvu, zinadumu, na zinakula wati 10 hadi 15 zikitulia. Ubaya ni kwamba hazina betri, kwa hiyo lazima uongeze UPS.

Raspberry Pi. Ni bodi ndogo ya kompyuta inayokaa kiganjani. Pi 4 ilitoka 2019, Pi 5 ikatangazwa 2023. Pi 4 na diski moja ndogo vinakula kama wati 8 tu, kwa hiyo mwenye sola ataipenda.

Lakini ina masharti. Pi 5 inahitaji chaja ya volti 5 yenye ampea 5 ili ifanye kazi mia mia. Chaja ya simu ya mtaani haitoshi. Pi 4 inatoa ampea 1.2 tu kwa matundu yote ya USB kwa pamoja, kwa hiyo ukichomeka diski mbili bila chanzo kingine cha umeme, zinaweza kukatika katikati ya kazi. Na mfumo wake kwa kawaida unakaa kwenye memori kadi, ambayo inaharibika kirahisi umeme ukizimika ghafla.

NAS ya dukani. Ni sanduku lililotengenezwa kwa kazi hii hii, kama za Synology na QNAP. Unaweka diski mbili, unafuata maelekezo, basi. Ni rahisi kuendesha kuliko zote, ila mara nyingi ndiyo ghali kuliko zote, na likiharibika siyo kila fundi wa Moshi mjini atalifungua. Linafaa familia yenye hela kuliko muda.

Na ile kompyuta kubwa ya mezani ya zamani? Inaweza kufanya kazi. Kabla hujaichukua, soma sehemu inayofuata.

Luku ndiyo itakayokuambia ukweli

Seva inawaka saa 24. Wati zinazoonekana ndogo zinajumlishwa kimya kimya.

Laptopu ya wati 15 ikiwaka mwezi mzima inakula uniti 10.8. Pi ya wati 8 ni karibu uniti 6. NAS yenye diski mbili kubwa, kama wati 20, ni uniti 14.4. Kompyuta kubwa ya mezani ya wati 60 ni uniti 43.2.

Kwa bei za TANESCO zilizopangwa 2016, mteja wa D1, yule wa matumizi madogo, analipa shilingi 100 kwa uniti hadi uniti 75 kwa mwezi. Akivuka hapo, kila uniti ya ziada ni shilingi 350. Mteja wa T1 analipa shilingi 292. Zote hizo ni kabla ya kodi na tozo.

Sasa fikiria nyumba ya wazee iliyo D1. Taa, redio, TV na friji dogo vinakula uniti 50. Ukiwaletea laptopu, wanafika 61, bado wako salama. Ukiwaletea kompyuta ya mezani, wanafika 93. Wamevuka mpaka, na mzee hajui kwa nini umeme wa mwezi huu umeisha mapema.

Kwa mteja wa T1, laptopu itamgharimu kama shilingi 3,150 kwa mwezi, kompyuta ya mezani kama shilingi 12,600. Kwa mwaka tofauti inapita shilingi 113,000. Kompyuta ya bure inaweza kuwa ghali kuliko ya kununua.

Njia ya kati ipo: siyo lazima seva iwake usiku kucha. Nyumba yenye wazee wawili inaweza kuiwasha jioni tu na mwisho wa wiki.

Diski: hapa ndipo watu wanapoliwa

Mashine ikifa unanunua nyingine. Diski ikifa, imekwenda na kumbukumbu. Kwa hiyo hela nyingi ziende hapa.

Diski za inchi 2.5, zile ndogo za nje, zinapata umeme kwenye waya wa USB. Zinafaa laptopu na matumizi ya kawaida. Za inchi 3.5 zina nafasi kubwa kwa bei nafuu kwa kila TB, lakini zinahitaji umeme wake wa volti 12.

SSD haina kitu kinachozunguka ndani, kwa hiyo haiogopi kutikiswa, ila kwa TB nyingi bei inapanda. Mpango mzuri ni SSD ndogo ya mfumo wa kompyuta na diski ya kawaida ya video.

Ukichagua diski za kuweka kwenye NAS, uliza kama ni CMR au SMR. SMR inapanga data kwa kupandisha mistari kama vigae vya paa, kwa hiyo kuandika vitu vingi kwa mkupuo kunakuwa kwa polepole sana. Mwaka 2020 Western Digital ilikiri kwamba baadhi ya diski zake za WD Red zilikuwa SMR bila wanunuzi kuelezwa. Kwa diski moja ya nje ya kuhifadhi video tu, SMR siyo janga.

Sasa hatari kubwa zaidi: flashi na diski bandia. Unaonyeshwa flashi ya TB 2 kwa bei ya chakula cha mchana. Ukiichomeka, kompyuta inaandika TB 2 kweli. Lakini ndani ina GB 32 au 64, imedanganywa tu isome kubwa. Ukijaza kupita hapo, video mpya zinafuta za zamani au zinaandikwa hewani. Majina ya mafaili unayaona, ukifungua hakuna kitu.

Dawa ni kupima kabla ya kuamini. Programu ya bure ya H2testw kwenye Windows, au F3 kwenye Linux, inajaza diski nzima kisha inasoma tena kuona kama kila kitu kimerudi. Inachukua saa nyingi. Iache ifanye.

Kwa diski iliyotumika, tumia CrystalDiskInfo. Angalia saa ilizowaka, na uangalie mistari miwili: sekta zilizohamishwa na sekta zinazosubiri. Ikiwa moja yake siyo sifuri, usiitumie kuwekea kumbukumbu za familia, hata kama muuzaji anaapa.

Prosesa na RAM: usidanganywe na namba

Kama TV na simu zako zinaweza kufungua faili lilivyo, seva haina kazi. Inasukuma tu data. RAM ya GB 4 inatosha, GB 8 ni raha.

Kazi inakuja pale TV ya zamani isipoelewa video ya H.265 kutoka simu mpya. Hapo seva inalazimika kuibadilisha papo hapo. Ukinunua mashine iliyotumika ya Intel, chagua kizazi cha saba au zaidi, kwa sababu kina sehemu maalumu ndani ya prosesa inayofanya kazi hiyo bila kuhema. Raspberry Pi 5 haina sehemu ya kutengeneza upya video kwa namna hiyo, kwa hiyo isipewe kazi hii.

Programu yenyewe siyo ya kununua. Jellyfin ni ya bure na inafanya kazi kwenye Windows na Linux. Inapanga video zako na mabango yake kama sinema.

Kwa ruta, hata ya kasi ya megabiti 100 inatosha kuangalia. Ila kuhamisha GB 100 kupitia waya wake kunachukua saa mbili na nusu. Chomeka diski moja kwa moja kwenye USB 3 ya mashine siku ya kwanza, utaokoa muda.

Radi, vumbi na unyevu

Mvua za masika zinakuja na radi, na umeme unaokatika na kurudi kwa kishindo ndio unaoua chaja na diski. Angalau weka kile kifaa cha kulinda friji, kinachosubiri dakika chache umeme utulie ndipo kiruhusu. Kwa mashine isiyo na betri, UPS ni lazima.

UPS ya kawaida ya VA 650 ina betri ya volti 12 na Ah 7, yaani kama wati-saa 84. Usitegemee zote. Kwa seva ya wati 20, hesabu saa moja. Inatosha kuizima kistaarabu.

Na radi ikianza kupiga karibu, hakuna kifaa cha kuamini. Chomoa ukutani, pamoja na waya wa antena.

Mahali pa kuiweka pia panahusu. Huku chini Uchira shida ni joto na vumbi, kwa hiyo ipate hewa na isafishwe. Ukipanda juu migombani shida ni unyevu na baridi ya Juni na Julai. Iweke juu kwenye rafu, mbali na dirisha, mbali na moshi wa kuni, na mahali ambapo panya hafikii nyaya.

Nakala moja siyo nakala

Wengi wakinunua diski mbili wanaziunganisha zifanane muda wote, wakidhani wamemaliza. Hiyo inakulinda diski moja ikifa. Haikulindi mtoto akifuta folda, kwa sababu inafutika kote kwa wakati mmoja. Haikulindi na moto, wizi wala radi.

Wapiga picha wana kanuni ya tatu, mbili, moja: nakala tatu, kwenye vifaa vya aina mbili, moja ikiwa nje ya nyumba. Kwa familia ya Kirua Vunjo hiyo siyo ngumu, maana familia yenyewe tayari imetawanyika.

Nakala ya kwanza ikae kwenye seva. Ya pili ikae kwenye diski ya nje ndani ya kabati, ichomekwe mara moja kwa mwezi kisha ichomolewe. Ya tatu iende na mmoja wa watoto, Dar au Arusha. Desemba akija anaileta, inajazwa ya mwaka huo, Januari anaondoka nayo. Zile chache zisizoweza kupatikana tena, kama sauti za wazee, zinaweza pia kuingia kwenye GB 15 za bure mtandaoni. Sauti inakula nafasi ndogo.

Kivunjo siyo lugha ndogo machoni pa wasomi. Mwaka 1990 Joan Bresnan na Lioba Moshi walichapisha utafiti wa sarufi uliotumia Kivunjo, na hadi leo wanaisimu duniani wanaurejelea. Lakini hadithi za ukoo wako hazimo kwenye utafiti huo. Zimo kwenye simu ya mtu.

Kwa kifupi: ununue nini?

Hela kidogo: laptopu ya zamani iliyopo nyumbani, diski mbili za nje za TB 2, na kifaa cha kulinda umeme.

Hela ya kati: kompyuta ndogo ya ofisini ya Intel kizazi cha saba au zaidi, RAM GB 8, SSD ndogo ya mfumo, diski mbili za TB 4 na UPS.

Unatumia sola: Raspberry Pi 4, chaja yake halisi, SSD badala ya memori kadi, na diski ya pili inayokaa kabatini.

Una hela, huna muda: NAS ya diski mbili za CMR, UPS, na diski ya nje.

Ukibanwa na bajeti, punguza mashine, usipunguze diski ya pili. Na kama mwezi huu hakuna hela ya chochote kati ya hivyo, bado kuna kitu cha kufanya leo: chomeka simu ya mama kwenye kompyuta yoyote unayoiamini, na unakili kila kitu kilichomo.